Mwali wa Buluu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).



Katika Suratul-Waqi'a, aya ya 71 mpaka ya 73, Mwenyezi Mungu anatuuliza kuhusu moto tunaouwasha, kisha anatujulisha kwamba ameufanya uwe ukumbusho. Basi na tuutazame.

Pita Buyenzi, usimame karibu na fundi anayechomelea vyuma kwa gesi. Mwali wa kwanza ni mrefu, wa manjano, unatoa masizi. Mtoto akiuona hukimbia. Kisha fundi hufungua oksijeni polepole. Mwali unafupika, masizi yanaisha, unabaki ulimi mdogo wa buluu usiomtisha mtu. Huo mdogo ndio unaoyeyusha chuma, kwani joto lake hupita nyuzi 3,000 za Selsiasi.

Angalia na mbinguni. Katika kundi moja la nyota ziko mbili zenye majina yaliyotoka kwenye Kiarabu. Betelgeuse ni nyekundu, joto la uso wake ni kama nyuzi 3,300. Rigel ina weupe wa kibuluu, na joto lake linazidi nyuzi 11,000. Sababu ya rangi ya nyota si ile ile ya mwali wa gesi, lakini funzo ni moja: wekundu unaotutisha siyo joto kali kuliko yote.

Tirmidhi amepokea kwa Abu Hurayra kwamba Moto wa Jahannam uliwashwa mpaka ukawa mwekundu, kisha mweupe, kisha mweusi. Tirmidhi mwenyewe aliona sahihi zaidi ni kuwa hayo ni maneno ya Abu Hurayra. Hata hivyo, yanatosha kututetemesha.

Ndugu zangu, hasira nazo zina rangi. Hasira nyekundu hupiga kelele bwenini. Watu huiona, huja kuizima, na kesho mtu huomba radhi. Hasira ya buluu hainyanyui sauti. Mimi nilimaliza muhula mzima bila kumsalimia ndugu niliyeswali naye safu moja. Sikumtukana wala sikumsengenya, nikajihesabu kuwa mwenye subira. Kumbe nilikuwa naungua kimyakimya, na nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka: katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wa wawili hao ni anayeanza kutoa salamu.

Sisi wa Burundi hatuhitaji kufundishwa mbali. Wazee wetu wameona jinsi chuki iliyofichwa vifuani inavyoweza kuunguza mitaa mizima siku inapopata upepo.

Kwa hiyo kila mmoja wetu ajiulize leo: ni nani nisiyemsalimia? Amfuate kabla ya Ijumaa ijayo. Mimi nilikwenda, nikatoa salamu, miguu ikitetemeka. Akaijibu kabla sijaimaliza.

Ewe Mola wetu, zima moto uliomo vifuani mwetu, na utukinge na Moto wa Akhera. Amin.

Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.