Shahidi wa Pili

Katika mashua itokayo Kilwa Masoko kwenda Kisiwani, ambayo upepo ukiwa mwema huvuka kabla mtu hajamaliza hadithi yake, nimeketi mara nyingi na wageni wawili wawili, mume na mke waliotoka Ulaya bila ya kiongozi wala kundi, mabegi yao magotini. Na kila mara nimestaajabia kwamba mmoja hutazama mbele, kwenye kuta za Gereza zinazokaribia, na mwingine hutazama kando, kwenye wanawake waliojifunga khanga viunoni wakichokoa pweza miambani wakati wa maji kupwa, na jioni warudipo, ukiwasikiliza wakizungumza, hutadhani kwamba walikwenda kisiwa kimoja.

Je, watu wawili waweza kusafiri safari moja? Lugha yetu yaelekea kusema ndiyo, maana neno mwenzi hulitumia kwa mke, kwa mume na kwa mtu mliyeandamana njiani, kana kwamba ndoa na safari ni jambo lilelile. Mimi nasema kwamba safari ya wawili daima ni safari mbili, na kwamba faida yake yote imo katika uwili huo.

Nyumbani ndoa haibebwi na wawili. Haisihi bila ya mashahidi, na baada ya mashahidi huja wakwe, masomo, majirani na wazee wa barazani, ambao kila mmoja hushika upande wake wa mzigo, hata mume na mke waweza kukaa miaka ishirini wasijue uzito wake. Ugenini hao wote hutoweka kwa siku moja. Husifiwa uhuru wa wanandoa wanaojiendea nchi za mbali kwa hiari yao, lakini huo ni uhuru wa ajabu, kwa kuwa mtu hajapata kumtegemea mwenziwe kama amtegemeavyo mahali ambapo hakuna mwingine amjuaye jina.

Hilo nililijua Maskati, tulikokwenda mimi na bibi yangu kwa nauli tuliyoidunduliza misimu mitatu ya ufuta, tukatoka Lindi kwa basi na kuupita Mto Rufiji juu ya daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 (wazee wetu walikuwa wakilala ng'ambo wakingoja kivuko). Huko Matrah mzee mmoja mwenye duka, ambaye Kiswahili chake cha Unguja kilikuwa fasaha kuliko changu, alitukaribisha halua, akanimiminia kahawa kutoka katika dele la shaba. Nikanywa, nikairudisha finjani kwa adabu, akaijaza tena. Kwetu kahawa ya barazani hukoma senti zikikoma, na hii haikuwa na bei, basi nikawa nakunywa kwa kuona haya, moyo ukinidunda, hata bibi yangu, aliyekuwa akitazama mikono ya wageni wengine mimi nikitazama nyuso zao, aliponinong'oneza: "Bwana, itikise finjani." Nikaitikisa, mzee akaipokea, akaliweka dele chini. Tangu siku ile nimejua kwamba macho yangu mawili ni nusu tu ya macho niliyosafiri nayo.

Tumtazame msafiri asiyekuwa na mwenzi. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyelakabiwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake; na zaidi ya miaka ishirini baadaye, huko Fez, akamsimulia Ibn Juzayy habari za safari zake, naye akaziandika. Humo mji wetu wasifiwa sana kwa uzuri, na nyumba zake zasemwa kuwa za miti. Nasi huku twaitazama Husuni Kubwa, jumba la matumbawe na chokaa lihusishwalo na Sultani huyohuyo, pamoja na birika lake la pembe nane, na msikiti mkuu ambao mawe yake ya kwanza yalikwisha kuwekwa karne kadhaa kabla ya mgeni huyo kuzaliwa! Wanachuoni wana maelezo yao, kwamba labda alikusudia nyumba za watu wa kawaida. Yawezekana. Lakini mtu huyu alioa na kuacha katika nchi nyingi alizopita, na katika habari za Kilwa hatusomi kwamba alikuwapo mke pembeni yake. Laiti angalikuwapo, akaketi karibu siku ya kuandikwa, akasema: la, bwana, yale yalikuwa mawe.

Nitajibiwa kwamba mwenzi ni pazia, kwamba wawili hutazamana wao kwa wao wakaisahau nchi, na kwamba upweke ndio umsukumao msafiri kubisha hodi kwa watu asiowajua. Nakubali, nimewaona katika mashua ile waliovuka wakigombana tangu nanga hata nanga. Walakini wapo waliofikwa na kinyume chake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden na Heinrich Ruete mwaka uliofuata, wakenda kukaa Hamburg. Na mwaka 1870 mume akafa. Huyo mume alikuwa amekaa Unguja, alizijua roshani zake na harufu ya karafuu yake, na katika nyumba ile ya baridi hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia mwanamke huyo kwamba aliyoyakumbuka ni kweli. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886, nami kila nifikiripo nahisi kwamba alikiandika ili apate mashahidi wengine badala ya yule mmoja.

Mimi wangu yu hai, na hatujapatana bado. Niliposema nataka kuandika habari za Matrah, nikamwambia kwamba nilikunywa finjani nne kabla ya kuokolewa. Yeye asema zilikuwa saba.