Igizo Lililofaulu Kupita Kiasi

Kisa hiki ni cha kutunga, ila aliyewahi kuhudhuria Kwibuka, kumbukumbu ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, ataona hakikutungwa mbali.

Kijana mmoja mwongozaji alitaka kuigiza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mbele ya wanakijiji wenzake, mwezi wa Aprili. Hakutaka mchezo wa kubabaisha. Mapanga aliazima kwa majirani, yenye makali yake. Waigizaji aliwavisha majani makavu ya migomba, kama wanamgambo wauaji wa Interahamwe walivyojivisha. Filimbi, nayo kama yao, alinunua sokoni. Bibi aliyewapa ua wake wa kufanyia mazoezi akamwita pembeni.

"Mwanangu, mapanga nimeyaona. Hiyo filimbi iache."

"Mama, filimbi tu?"

"Filimbi tu."

Kijana akaitikia kwa adabu, na asitii. Siku ya onyesho filimbi ililia kabla panga hata moja halijatoka. Mwanamke wa safu ya pili akateleza hadi chini ya benchi, akamziba mdomo mjukuu wake, mtoto ambaye wala hakuwa akilia. Nyuma yao mzee mmoja akaanza kukimbia, akaangukia viti. Onyesho likaishia hapo, waigizaji wakashika kazi ya kubeba watu, wengine bado wamevaa majani yao.

Wapo watakaosema kosa lilikuwa kukosa washauri nasaha. Wawepo, naam. Lakini tarehe 7 Aprili 2014, kwenye kumbukumbu ya miaka 20 katika Uwanja wa Amahoro mjini Kigali, wasaidizi walikuwa tayari, na bado mayowe yalipasuka kati ya watazamaji, watu wakatolewa mmoja baada ya mwingine. Uwanja wenyewe ndimo maelfu walimokimbilia mwaka 1994.

Shida iko kwenye kuiga. Mauaji yakiigizwa vibaya, marehemu wamedhihakiwa. Yakiigizwa vizuri, manusura amerudishwa kule kule alikonusurika. Njia ya katikati sijaiona.

Kikundi cha Groupov cha Liège, Ubelgiji, kilipoandaa mchezo wa *Rwanda 94*, kiliikwepa kazi hiyo ya kuiga tangu mwanzo. Mchezo unachukua saa nyingi, na unafunguliwa na mwanamke aliyeketi peke yake: Yolande Mukagasana, muuguzi, si mwigizaji, akieleza jinsi mumewe na watoto wake watatu walivyouawa. Hakuna anayemwigizia. Akitaka kunyamaza, ananyamaza, na ukumbi mzima unamngoja. Mwaka 2004 mchezo huo ulipelekwa Rwanda kwenyewe.

Mwongozaji Mswisi Milo Rau alipita upande mwingine kabisa. Katika mchezo wake *Hate Radio*, wa mwaka 2011, jukwaa ni studio ya RTLM, redio ya chuki ya wakati wa mauaji. Watangazaji wanataniana, wanapiga muziki, wanachochea watu wakaue, kisha muziki tena. Mtazamaji anawasikia masikioni mwake kwa kipokea sauti, kama msikilizaji wa wakati ule. Hapigwi mtu hata kofi.

Nasikia hoja kwamba kuificha damu ni kuwapa nafasi wanaokanusha. Sikubali. Wanyarwanda wengi leo wamezaliwa baada ya 1994, na kijana wa kijijini hahitaji kuonyeshwa panga. Lipo nyuma ya mlango kwao. Asichokijua ni jinsi jirani mcheshi, mwenye redio yake na chupa yake ya bia, alivyosikiliza majina ya wa kuuawa yakisomwa, akaongeza sauti.