Kula Kikoa

Saa saba ya mchana, kengele ikisha kulia na watoto wakashika njia ya uji wao, sisi waalimu wa shule moja mjini Singida tuna desturi ya kutoka watu sita au saba, tukateremka mpaka vibanda vya mama lishe vilivyo karibu na soko. Mtu atuonaye njiani hudhani twafuata chakula tu. Na kweli, njaa tunayo. Walakini katika miaka minane ya kwenda na kurudi njia ile tumeona kwamba penye benchi lile la mbao pana mambo mengine yasiyomalizwa kwa kutafuna, nayo ndiyo tutakayoyaandika mwezi huu. Swali letu ni hili: watu wa kazi moja wakila pamoja, nani alipe? Na yule asiyeweza kulipa, ale wapi?

Kwa ajili ya msomaji asiyeijua Singida, tueleze kidogo. Nchi yetu ni kavu, yenye majabali makubwa yaliyosimama kama watu wanaosubiri basi. Hulimwa mtama na uwele, na alizeti ambayo mafuta yake yametupa jina katika nchi nzima. Tena wako kuku wetu wa kienyeji, wanaopakiwa matenga kwa matenga kwenda Dar es Salaam, na huko, twaambiwa, huliwa kwa heshima kuliko walivyoliwa kwao. Kibandani kwa mama sufuria zimepangwa safu moja: wali, ugali, maharage, mlenda, dagaa wa Mwanza, na mwisho kabisa, kwenye sufuria yenye mfuniko, kuku. Sahani ya ugali na mlenda ni shilingi 1,500. Ya kuku ni shilingi 5,000. Msomaji azishike sana bei hizi mbili, maana ndizo zilizotukosesha.

Desturi za benchi hakuna aliyeziandika, lakini kila mtu huzijua. Aliye mdogo humwagia wenzake maji ya kunawa, akianza na mzee. Kuku huchinjwa na Mwislamu, ili wote wapate kula pasipo mashaka. Habari za mkuu wa shule hazisemwi kabla ya kumaliza kula. Na mama mwenyewe huitwa mama tu, ijapokuwa wawili kati yetu wamemzidi umri. Jina lile la mama ntilie, ambalo watu huwaita wapishi wa namna yake, latokana na maneno ya mwenye njaa: mama, nitilie. Ni jina la ombi, na mtu aombaye hujua kwamba mbele yake yuko mwenye kutoa, hilo tutalirudia.

Waswahili wa zamani walikuwa na majina mawili kwa jambo tunalolisema. Kula kikoa ni kula kwa zamu: leo mimi nawalisha wote, kesho wewe, kesho kutwa yule, hata mviringo utimie. Kula bia ni kila mtu kutoa sehemu yake siku ile ile, kisha wote wakala. Maneno haya yamo katika kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotengenezwa chini ya Frederick Johnson, ikatoka mwaka 1939. Twayataja kwa sababu kila mara mmoja wetu atoapo shauri kwamba kila mtu ajilipie, hutokea mwingine akasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu, sisi hatuhesabiani chakula." Si kweli. Watu wa pwani walihesabiana tangu zamani, tena wakaipa hesabu ile jina, wala hawakuona haya. Na mithali yasema, Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Wengine huisoma kama onyo, wengine kama ahadi njema. Sisi wa benchi tuliisoma kama sheria, tukala kikoa.

Katikati ya mwaka 2024 alihamia kwetu mwalimu kijana wa hisabati, mwenye shahada. Tulimpenda. Akapewa nafasi mwisho wa benchi, akawa ndiye amwagaye maji. Zamu yake ya kwanza ilipofika akalipia kuku wa watu sita, uso umekunjuka. Zamu ya pili akalipa vile vile. Kabla ya zamu ya tatu, Januari ya mwaka uliofuata, akaanza kubaki shuleni. "Tangulieni, kaka zangu, nina madaftari ya kusahihisha." Siku ya kwanza tuliamini. Siku ya nne tukatazamana. Mwisho wa mwezi mmoja akasema, "Huyu dogo ana maringo." Mwingine akajibu, akasema, "Si maringo, ni uchoyo. Amekula za wenzake, yake haitaki kuliwa." Sisi tuandikao haya hatukusema neno, lakini tulicheka, na tuliosikika wakicheka tulikuwa wengi.

Mama ndiye aliyetufumbua macho. Ilikuwa mwezi wa Mei. Alipokuwa akitupakulia aliuliza, pasipo nia yoyote, "Mwalimu wenu kijana mmemkosea nini? Mbona huja saa tisa, peke yake, akala ugali na mlenda, akalipa, akaenda zake?"

Benchi zima likanyamaza. Kumbe mtu yule hakukimbia chakula, wala kibanda, wala kulipa. Alitukimbia sisi.

Mzee wetu mmoja akamwendea jioni, wakatembea pamoja kando ya ziwa Singidani. Aliporudi alitueleza kwa maneno machache. Kijana alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 mkopo ule hukatwa sehemu 15 katika kila 100 za mshahara. Mama yake mzazi alikuwa akitibiwa mbali. Kikoa cha kuku kwa watu sita ni shilingi 30,000 kwa mchana mmoja. Wazee wetu, waliosomea ualimu wa cheti zamani, hawakatwi kitu hicho, na watoto wao wamekwisha kujitegemea. Hivyo zamu ile ile, ambayo kwa mmoja ni kama kununua vocha ya simu, kwa mwingine ilikuwa ni dawa ya mama yake. Nasi tuliona kwamba zamu zikilingana haki imetimia!

Likaongezeka neno moja ambalo mpaka leo latuchoma. Machi 2025, kama msomaji akumbukavyo, Ramadhani na Kwaresima ziliangukiana, benchi letu likawa wazi karibu mwezi mzima. Huyu amefunga, na yule amefunga. Kijana alimwambia mzee kwamba majuma yale ndiyo yaliyokuwa mepesi kwake kuliko yote tangu alipofika Singida, kwa kuwa hapana aliyemwuliza mbona hali.

Tukaketi kutafuta njia. Wa kwanza akasema kila mtu na ajilipie, yaani bia. Ni njia safi, wala hatuidharau, ila ina upungufu huu: watu watakaa benchi moja, mmoja na paja la kuku, mwingine na mlenda, na macho yatafanya kazi ya midomo. Wa pili akasema wazee walipe siku zote, vijana wale bure mpaka watakapokua. Shauri hili lilipendeza wengi, hata vijana wenyewe. Sisi tulilipinga, na sababu yetu haikutoka vitabuni kwanza.

Katika shule moja tuliyofundisha zamani, mkubwa wetu alikuwa na mkono mpana. Kila Ijumaa alitutoa kwenda kula, akalipa peke yake, wala hakukubali mtu kugusa mfuko. Tulimsifu. Ikaja siku ya kikao ambapo michango ya wazazi ilikuwa imetumika pasipo maelezo, na kila mtu katika chumba kile alijua. Mwenyekiti akauliza kama yuko mwenye swali. Kila mmoja alitazama meza. Hakuwa ametutisha hata kidogo, wala hakutuomba kunyamaza; lakini kuku wake tulikuwa tumewala miaka mitatu, nasi hatukujua jinsi ya kumtazama mtu usoni kwa kinywa kile kile. Wazazi hawakupata maelezo mpaka tulipoondoka pale.

Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 juu ya zawadi katika mataifa mengi, akaonyesha kwamba zawadi humlazimisha mtu mambo matatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Asiyepewa nafasi ya kurudisha huwa mdogo mbele ya aliyempa. Naye Harold Schneider, Mmarekani, alitoa kitabu mwaka 1970 juu ya uchumi wa Wanyaturu wa hapa kwetu, akawaeleza kuwa ni watu wapimao faida na hasara katika mifugo na mazao yao. Wako wenzetu waliochukizwa kuambiwa hivyo. Sisi hatukuchukizwa. Kuhesabu si aibu. Aibu ilikuwa kuhesabu moyoni zamu za kijana yule, huku kwa mdomo tukijidai kwamba kwetu chakula hakihesabiwi; maana deni lisilotajwa mtu hawezi kulipa, wala hawezi kuomba lipunguzwe.

Kwa hiyo shauri letu lilikuwa hili: kikoa kiendelee, kila mtu awe na zamu yake, mkubwa na mdogo, ili pasiwe na wa kulishwa siku zote wala wa kulisha siku zote. Ila bei ya meza ipimwe kwa mfuko ulio mdogo kuliko yote. Watu sita kwa mlenda ni shilingi 9,000. Hilo kijana aliliweza. Mwenye hamu ya kuku na amle nyumbani kwake pamoja na jamaa yake, ambao huenda nao wana hamu naye.

Mmoja akanung'unika, "Ati tule mlenda wote kwa ajili ya mtu mmoja?" Huyo tulimjibu upesi: naam. Lakini mwingine alileta neno lililo gumu zaidi. Alisema, "Kijana si mjinga. Akirudi akakuta sufuria ya kuku haifunguliwi tena, atajua tumeishusha meza kwa ajili yake. Mtakuwa mmeiondoa aibu ofisini mkaileta bengini." Neno hilo hatukuweza kulivunja. Mzee wetu ndiye aliyelizunguka. Siku ya kwanza ya kijana kurudi, mama alipouliza wanakula nini, mzee alishika shavu akasema, "Mimi daktari amenikataza nyama ngumu. Nipe mlenda." Wa pili akasema na yeye mlenda, wa tatu pia, mpaka mwisho wa benchi.

Meno ya mzee ni mazima kabisa. Basi je, alisema uongo? Twakiri kwamba alisema uongo, na sisi wengine tukaushuhudia kwa kula. Tumefundisha watoto miaka mingi kwamba kweli haina badala, wala hatuko tayari kuandika hapa kwamba uongo wa namna ile ni mwema. Tungependa kupata njia ambayo mtu angeweza kumwambia mwenzake waziwazi, "Fedha yangu ni ndogo mwezi huu," akajibiwa, "Haya, tule cha fedha yako," na mambo yakaishia hapo. Njia hiyo ipo kati ya ndugu. Kati ya watu waliokutanishwa na barua za uhamisho, bado hatujaifikia. Mzee aliona hivyo, akachagua lililo jepesi kwa kijana, akauchukua uongo juu yake mwenyewe.

Tumeahidi kurudi kwa mama. Katika hesabu zetu zote tulimsahau, kama watu wasahauvyo mlango wanaopita. Yeye hukopesha. Ana daftari lenye jalada la bluu, nalo lakaa chini ya kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo kilichotolewa kwa shilingi 20,000 tangu mwishoni mwa mwaka 2018, ambacho bado kimening'inia msumarini. Mwaka mmoja mwenzetu alihamishwa ghafula, akaenda bila kuaga, na katika daftari jina lake lilikuwa na shilingi 43,000. Wengine walisema deni ni la aliyekula. Kwa sheria hawakukosea. Ila mama hakumkopesha mtu yule kwa sababu alimjua. Alimkopesha kwa kuwa aliketi pamoja nasi, akamwona kuwa ni mmoja wa waalimu. Amana ile ilikuwa yetu sote. Tukachanga, bia, tukamlipa, na aliyekuwa akipinga alitoa sehemu yake ya mwisho, akiwa amekunja uso. Mama alilikata jina lile kwa kalamu mara mbili, akaendelea kupakua.

Kijana haji kila siku. Huja Jumatano, na mara nyingine Ijumaa. Siku nyingine hubaki na madaftari yake, nasi hatuulizi tena kama madaftari yale ni ya kweli. Jumatano iliyopita ilikuwa zamu yake. Akamwagia watu wote maji, akaenda kwa mama mwenyewe, akaagiza ugali na mlenda wa watu sita, akalipa kabla hatujaketi. Yule aliyewahi kusema habari za uchoyo akaomba aongezewe mlenda, akaongezewa, akaomba tena.