Rahisi Huvunja Upishi

Vijana wawili wa Karatina, mtu na binamu yake, waliapa kuuvuka Mlima Kenya kwa miguu: wapande kwa Naro Moru upande wa magharibi, wafike Point Lenana, washukie Chogoria upande wa mashariki. Mkubwa aliuza mitumba sokoni. Mdogo alikuwa amemaliza chuo, hana kazi. Kwa kuwa mfuko ulikuwa mwepesi, walipunguza kila kilichopunguzika. Jaketi walizichambua kwenye marobota. Chakula kilikuwa chapati, ndizi na nduma za kuchemsha. Kiongozi wa njia hawakumchukua.

Walipopiga hesabu tena, wakaona kinachowamaliza ni kiingilio cha hifadhi, maana hutozwa kwa siku. Mkubwa akakata shauri: watavuka kwa siku tatu.

Huko Naro Moru mpagazi mmoja mzee aliwauliza, "Wanangu, leo mnalala wapi?"

"Met Station, mzee."

"Na kesho?"

"Mackinder. Kesho kutwa tunashuka Chogoria."

"Ongezeni siku moja."

Mkubwa akacheka. "Mzee, siku ni pesa."

Mtu wa Karatina huuona mlima huu kila asubuhi mawingu yakifunguka, akadhani ameshauzoea. Kuuona si kuuzoea. Karatina iko chini ya mita 2,000. Met Station ni mita 3,050, kambi ya Mackinder 4,200, Lenana 4,985. Huko juu kila pumzi huleta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya Mombasa. Mwili huweza kujirekebisha, ila hujirekebisha kwa siku, na siku ndizo walizozibania. Wajuzi husema ukishapita mita 3,000, usipandishe malazi yako zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Wao walipandisha 1,150.

Siku ya pili kinamasi cha mteremkoni kiliwalowesha viatu, na mvua ikazilowesha jaketi, ambazo zilikuwa za pamba. Usiku kichwa kilimgonga mdogo, akatapika chapati zote. Hata hivyo saa tisa za usiku wakaondoka kuelekea Lenana. Kabla ya mapambazuko akawa anapepesuka kama mlevi; akiulizwa hili, anajibu lile. "Jikaze," binamu yake akamwambia, akampa glukosi. Hakujua kwamba ubongo ulikuwa unavimba.

Bahati kulikuwa na kundi nyuma yao. Kiongozi wa kundi lile alimwambia mdogo atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole. Akaanguka. "Ashuke sasa hivi. Msingoje jua." Wageni wake wakaacha kilele, wakasaidia kumteremsha. Alipofika Met Station alikuwa ameanza kusema maneno ya maana. Chogoria hawakuiona. Gari na hospitali vilikula pesa nyingi kuliko siku ile waliyoibania.

Na mlima huu haumtozi mpandaji peke yake. Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Kumwokoa kulichukua zaidi ya wiki. Yeye alipona, lakini Jim Hastings, rubani wa helikopta aliyekwenda kumsaidia, alianguka na chombo chake akafa.

Si aibu kusafiri kimaskini. Panda matatu, beba nduma zako, lala kwenye hema la kuazima. Gharama ya kiongozi changieni watu wanne. Hata jaketi ya mtumba inafaa, mradi iwe ya sufu au ya kuzuia maji. Lakini siku usiiguse. Ukikosa pesa ya siku ya nne na ya tano, rudi sokoni ukaitafute, mlima hauhami. Na ukiwa juu, kichwa kikiuma usipande. Mwenzako akianza kupepesuka, mteremshe, hata kama kilele mnakiona.