Mgonjwa wa sukari na presha, nani kakupa fatwa ya kuacha dawa?

  

Ndugu zangu Waislamu, kila Ramadhani inapokaribia, hapa Kariakoo huibuka mafakihi wa aina yake. Utawakuta kwenye baraza za kahawa, kwenye mabomba ya kutawadhia, hata nyuma ya meza za dawa za asili. Kazi yao ni kuwaachisha wagonjwa vidonge. "Wewe funga tu, saumu yenyewe ni dawa." "Hizo za hospitali zinaharibu figo." "Kunywa habasoda, Mtume kasema." Nalisema hili kwa kuwa linanihusu. Mimi nina sukari, nina presha, na tezi yangu ya shingoni, ile ambayo ikivimba tunaiita rovu, inafanya kazi kupita kiasi. Fatwa hizo nimeshapewa zote, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nameza nini.

Wala hatuko wachache. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta sukari kwa takriban mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban watu 9 katika kila 100, na wenye presha walikuwa karibu robo. Hesabu safu za msikiti wako Ijumaa uone.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alisema kuwa wao ndio waliomuua, na akahoji kwa nini hawakuuliza ilhali hawajui. Tuzingatie hapa kwamba wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wakiichunga sharia kwa kadiri ya ujuzi wao, na bado Mtume akawabebesha mauti ya ndugu yao.

Nina jirani, mfanyabiashara wa vitenge Mtaa wa Kongo. Ramadhani moja aliamua kufunga bila kumuuliza daktari. Akala daku kidogo, akameza vidonge vyake vyote kama kawaida, akaenda dukani. Saa kumi jioni akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka huku jasho likimtiririka. Vijana wa maduka ya jirani wakasema amepandisha jini. Mmoja akaanza kumsomea, mwingine akamwaga maji kichwani. Alipotokea mtu mmoja na soda, wakamzuia wakisema, "Mzee kafunga!" Ilibidi agombane nao ndipo mzee anyweshwe, angali bado anaweza kumeza. Baada ya robo saa alikuwa anauliza nani kamlowesha kanzu.

Lile halikuwa jini. Kidonge chake cha sukari, glibenklamidi, hulilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumbo ni tupu, na sukari ikashuka. Kwa kawaida moyo ungemwenda mbio na mikono ingetetemeka, akajua. Lakini alikuwa anatumia pia propranololi, dawa ya presha ambayo sisi wenye tezi kali tunapewa pia ili kutuliza moyo. Dawa hii huficha mapigo na mtetemo. Jasho haifichi. Basi anayetumia dawa hizi mbili asingoje kutetemeka. Akitoka jasho bila sababu, akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ndiyo dalili yake.

Dawa hizi hazikai kila moja kivyake. Tezi ikiwa kali hupandisha sukari. Ikitulizwa kwa kabimazoli sukari hushuka, na kipimo cha dawa ya sukari kilichokuwa sawa mwezi uliopita chaweza kuzidi. Kabimazoli hiyo hiyo, kwa watu wachache, hupunguza chembe nyeupe za damu, hivyo homa na koo kuuma si mafua ya kunywea tangawizi. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo kupimwa damu. Ambaye tezi yake imelegea anapewa levothairoksini, ambayo hutaka tumbo tupu, basi kuimeza pamoja na uji wa daku ni kuipoteza. Vidonge vya presha vya kukojoza maji, kwa joto letu la Dar es Salaam na saumu juu yake, vyaweza kumwangusha mtu anaposimama kwa Adhuhuri. Na kaptoprili huwaletea wengine kikohozi kikavu kisichokwisha. Zipo dawa nyingine za kubadilishia. Kuiacha kimya kimya ndiko kunakoleta kiharusi.

Habasoda siipingi, hadithi yake ni sahihi. Lakini Abu Daud huyo huyo amepokea kuwa Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua kifua, Mtume (s.a.w.) alimtajia tende saba za Ajwa, na akamwelekeza pia kwa Harith bin Kalada, tabibu wa kabila la Thaqif. Tende na tabibu katika hadithi moja! Nani basi katufundisha kuwa kwenda kwa tabibu ni upungufu wa tawakkul?

Ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mwaka 2009, huko Sharjah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa na madaktari likawagawa wenye sukari makundi manne. Makundi mawili ya kwanza, ambayo saumu inahofiwa kuwadhuru, yanatakiwa yale. Mawili ya mwisho yanafunga. Uko kundi gani? Hilo halijibiwi na muuza kahawa. Mwezi wa Shaabani, tia dawa zako zote katika mfuko mmoja, pamoja na mizizi na unga uliouziwa, uzimwage mbele ya daktari mmoja. Asiyetarajiwa kupona atalisha maskini kwa kila siku, na asiwepo wa kumkodolea macho anapokunywa maji mchana.

Na anayefunga asiogope kuchoma kidole. Baraza hilo lilishabainisha Jeddah mwaka 1997 kuwa kutoa damu ya vipimo hakubatilishi saumu. Kipimo kikisoma chini ya 3.9, au kikapita 16.6, fungua, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ya Magharibi.