Motakaa ya Baba: Je, Ni Ile Ile?

Watu husema ya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu haishiki kutu, wala haitaki kutiwa kipande kipya. Vitu vingine vyote vya kale huliwa, huoza na kuvunjika, na mwenye kuvipenda hana budi kuvitengeneza ili visife. Hapo ndipo lizukapo swali tunalotaka kulifikiri pamoja na wasomaji mwezi huu: kitu kilichobadilishwa kipande baada ya kipande, je, ni kile kile cha kwanza? Na mwenye nacho ana wajibu gani kwa mtu akitazamaye akidhani ya kuwa hakikuguswa? Swali hili si mchezo wa maneno. Lilitufikia nyumbani kwetu siku moja ya Jumamosi, likataka jibu kabla ya jua kuchwa.

Marehemu baba yetu, aliyekuwa mwalimu kama sisi, alituachia motakaa ya Peugeot 404 iliyoundwa mwaka 1967. Aina hiyo ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na wazee wa Afrika Mashariki waijua sana, kwani ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968, katika matope na vumbi vilivyozishinda nyingine nyingi. Baba aliinunua mwaka 1978, ikiwa imekwisha kutumika, akaiendesha kati ya Muheza na Amani, katika milima ya Usambara, akichukua wagonjwa, maharusi, maiti na magunia ya iliki. Alipofariki mwaka 2014 ilikuwa imesimama bandani miaka sita. Magurudumu yalikuwa hayana pumzi, na kuku walikuwa wakitaga katika kiti cha nyuma.

Tuliifufua sisi wenyewe nyumbani, siku za Jumamosi na za likizo, kwa muda wa miaka minne. Wala mtu asidhani ya kuwa kazi hiyo ni ya nguvu. Ni kazi ya saburi. Nati iliyoshikwa na kutu, ukiilazimisha kwa spana, bolti hukatika. Lakini ukiilowesha mafuta jioni, ukaigonga taratibu, ukaiacha usiku kucha, asubuhi mara nyingi hukubali kufunguka. Kila nati tuliyoitoa tuliitia katika mkebe, na juu ya mkebe tukaandika mahali ilipotoka, maana kichwa cha mtu husahau upesi. Chini ya milango bati lilikuwa limeliwa. Fundi mmoja alitushauri tujaze pati matundu yale, tupake rangi, tuyasahau. Tulikataa, kwani kutu iliyofunikwa haifi, bali huzidi kula mahali isipoonekana. Tulikata bati mpaka tukafika penye chuma kizima, kisha tukachomelea jipya.

Tena motakaa ya kale, hata ikiisha kupona, hutaka kutunzwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali juzi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, basi yafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama haikutembea. Petroli ikikaa miezi mingi huharibika, ikaziba kabureta. Maji machafu ya radieta hula kichwa cha injini, maana ni cha aluminiamu. Mipira ya magurudumu nayo hupasuka kwa jua na kwa uzee, bila kuguswa na barabara. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na mithali hiyo ni kweli kwa chuma kama ilivyo kweli kwa udongo.

Mwongozo wetu katika kazi hiyo ulikuwa daftari la baba. Humo aliandika kwa wino kila jambo lililofanyika, tarehe yake na gharama yake. Twasoma ya kuwa mwaka 1989 gereji moja ilitia katika difu oili isiyofaa. Difu ya motakaa ile si kama za nyingi: ndani yake mna gurudumu la shaba nyeusi lizungushwalo na parafujo ya chuma, na watengenezaji waliagiza litiwe mafuta ya namna yake, yaliyotengenezwa kwa nyonyo, yaani mbegu za mbarika, mti ule ule uotao nyuma ya nyumba zetu. Dawa zilizomo katika baadhi ya oili za gia huila shaba hiyo. Basi difu ikafa, ikatiwa ya motakaa nyingine. Mwaka 1996 bloku ya injini ilipasuka, ikatiwa nyingine. Kisha vikafuata viti, kioo cha mbele, mabawa mawili na gia boksi. Na sisi tuliongeza kurasa saba kwa mwandiko wetu.

Mwaka 2023 alikuja bwana mmoja akusanyaye motakaa za kale. Aliizunguka mara tatu, akapapasa usukani, akasema, “Mwalimu, miaka mingi nimetafuta ya asili kama hii.” Hakuuliza neno. Alitaja bei iliyopita mshahara wetu wa mwaka mzima.

Ndugu yetu mdogo alituvuta chini ya mwembe. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa haijapatikana. Akasema, “Kaka, mtu hakuuliza. Hii ni motakaa ya baba, ile ile tuliyopanda sote tulipokuwa wadogo. Ukinyamaza hukusema uongo. Na daftari ni mali ya ukoo wetu, si kipande cha motakaa. Liache kabatini.”

Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu, wala hayakutoka katika moyo mbaya. Nasi, twakiri, tulitamani sana kuyakubali.

Hapo tulikumbuka kesi moja ya Uingereza tuliyoisoma zamani. Ilikuwako motakaa ya Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le mans, Ufaransa, mwaka 1929, ikashinda tena mwaka 1930. Baada ya hapo ilitiwa injini nyingine na chasisi nyingine, na mwaka 1932 ilipata ajali huko Brooklands, na mwendeshaji wake akafa. Ikajengwa upya, ikabadilishwa bodi, ikapita mikononi mwa wengi. Mwaka 1990 ilipatanwa kuuzwa kwa bei ipatayo paundi milioni 10. Ndipo mnunuzi akakataa kulipa, akisema ya kuwa hii si ile. Na kweli vyuma vya mwaka 1929 vilikuwa karibu vyote vimekwisha kuondoka. Lakini jaji wa London aliamua ya kuwa ndiyo Old Number One hasa, kwa sababu historia yake haikukatika tangu mwanzo hata siku ile, wala hapakutokea nyingine iliyodai jina hilo. Hakusema ya kuwa vyuma vyake ni vile vya kwanza; alisema ya kuwa yenyewe ni ile.

Kwa kipimo hicho ndugu yetu alikuwa na haki: motakaa ya baba ni ile ile. Hata shule tunayofundisha ilianza kwa makuti, sasa ina mabati. Walimu wa kwanza wote wamekufa, na watoto hubadilika kila mwaka. Walakini hapana mtu asemaye ya kuwa ni shule nyingine. Kinachoifanya kuwa moja si miti yake, bali ni habari zake zilizofuatana bila kukatika.

Lakini yatupasa kuangalia sana. “Ile ile” ni neno moja, na “ya asili” ni neno jingine. La kwanza lahusu historia, la pili lahusu vyuma. Yule bwana alisema la pili, na ndugu yetu alitaka tumjibu moyoni kwa la kwanza, kisha tunyamaze. Hivyo ndivyo udanganyifu ufanyavyo kazi yake mara nyingi: hauji na uongo mtupu, huja na neno la kweli, ukamwacha msikiaji apite nalo mpaka penye uongo kwa miguu yake mwenyewe. Na kusema “hakuuliza” si udhuru, kwani huuliza yule ajuaye ya kuwa kuna la kuulizwa.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Ikiwa motakaa ni ile ile kwa sababu ya historia yake, basi historia hiyo imo katika daftari. Tukilificha daftari, twaondoa kile tu kinachotupa haki ya kusema ni ile ile. Hubaki rundo la vyuma vya motakaa mbalimbali, vilivyopakwa rangi moja. Kwa hiyo daftari ni kipande cha motakaa. Nasi twasema ndicho kipande cha kwanza ambacho hakijabadilishwa.

Tulimpa. Aliketi kivulini akalisoma muda mrefu. Kisha alilifunga, akatushukuru, akasema ya kuwa yeye atafuta ile ambayo vyuma vyake havikuguswa. Akanywa chai, akaenda zake, wala hakurudi.

Hatutaki kumficha msomaji yaliyofuata. Ndugu yetu hakula nasi sahani moja kwa miezi mitatu. Tuliuza ng'ombe wawili, tukakopa pengine, na binti akaanza chuo mwaka mmoja baada ya wenzake. Ukweli wetu ulilipiwa na mtoto ambaye naye hakuulizwa. Jambo hilo latusumbua hata leo, na mtu akituambia ya kuwa kusema kweli hakugharimu kitu, twajua ya kuwa hajapata kuisema penye haja. Walakini kama siku ile ingerudi, tungelitoa daftari tena. Kwa maana ada tuliweza kuitafuta kwa njia nyingine, lakini neno letu kwa yule bwana lilikuwa moja tu, wala halina ng'ombe wa kulikomboa.

Wasomaji wapenzi, kila mtu ana kitu alichokitengeneza na kukitia kiraka: nyumba, shamba, ndoa, hata sifa yake mbele ya watu. Tusione haya kwa viraka hivyo, kwani ni ushahidi ya kuwa tulikipenda kitu, tukakataa kukitupa. Kiraka si aibu. Aibu ni kukiita kitambaa cha kwanza.