Mtaji Hauliwi

Marehemu mama yangu aliuza nazi katika soko la Ngamiani, Tanga. Kila jioni alihesabu fedha zote, kisha akatenga za kununulia mzigo wa kesho na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Hata siku ambazo chungu kililala bila moto, pindo lile halikufunguliwa. "Mtaji hauliwi, mwanangu," alituambia, na sisi tukalala na njaa yetu.

Maneno hayo yamenirudia nikiwa mbali sana na Ngamiani. Siku hizi naishi Minneapolis, Marekani, na binti yangu ameanza darasa la sita katika shule inayoitwa Justice Page, yaani Jaji Page. Wiki ya kwanza alirudi na swali: "Mama, wanasema Jaji Page alikuwa mcheza mpira maarufu. Sasa mbona shule wameiita Jaji?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma.

Alan Page alizaliwa mwaka 1945 huko Canton, Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Akiwa na miaka 13 alifiwa na mama. Alitamani uanasheria tangu utotoni, lakini mwili aliojaliwa ulimpeleka kwanza kwenye mpira wa Kimarekani: akasoma na kuucheza katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, na mwaka 1967 akachukuliwa na timu ya Minnesota Vikings.

Mpira wa Kimarekani umechongoka pande mbili, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na kila timu ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kuzuia, kila kimoja na watu wake. Page alikuwa mzuiaji wa safu ya mbele, tena katikati, mahali ambapo wanaume wa kilo mia na zaidi hugongana kila mpira unapoanzishwa. Kazi yake ilikuwa kupenya ukuta huo na kumwangusha mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi. Sifa za mchezo huu kwa kawaida huenda kwa wanaopeleka mpira mbele. Hata hivyo, mwaka 1971 Page alitangazwa Mchezaji Bora wa ligi nzima ya NFL, mzuiaji wa kwanza kupewa tuzo hiyo na shirika la Associated Press. Alicheza misimu 15, michezo 218 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Vikings walifika fainali ya Super Bowl mara nne akiwa nao, wakashindwa zote nne.

Huo ndio uliokuwa mtaji wake: mabega, pumzi, na jina lililojulikana nchi nzima. Wengi wamejaliwa mtaji wa namna hiyo. Kilichonishika ni alivyoutunza.

Hakungoja kustaafu ndipo asome. Mara ya kwanza alijiunga na chuo cha sheria akaacha baada ya wiki chache. Akarudi tena, safari hii Chuo Kikuu cha Minnesota, huku akiendelea kucheza, na mwaka 1978 akahitimu. Mwaka huohuo Vikings walimwacha. Mkewe, Diane, alikuwa ameanza kukimbia ili aache sigara, naye Page akamfuata barabarani, akazipenda mbio ndefu na kupungua uzito. Timu ikaona amekuwa mwembamba mno kwa kazi yake. Chicago Bears wakamchukua kwa ada ya dola 100. Mchezaji Bora wa juzi, dola mia moja! Soko la miili halina kumbukumbu. Lakini siku ile walipompigia bei, shahada ilikuwa tayari pindoni. Mwaka uliofuata akamaliza mbio za marathoni, mchezaji wa kwanza wa NFL kufanya hivyo akiwa bado ligini.

Hapo nilimkumbuka kaka yangu. Naye alikuwa beki, na mtaa mzima ulimjua. Alipopata fedha aligawa, tukala. Aliporudi kutoka mazoezini tulimuuliza jambo moja tu: mechi iliishaje? Goti lilipomwangusha akiwa na miaka 29, ndipo tulipoanza kusema kwa huzuni kwamba aliachia shule kidato cha pili. Kama vile tulikuwa hatujui! Tulijua. Ule mtaji hakuula peke yake. Tuliula sote, tukimpigia vigelegele.

Page amewahi kusimulia kwamba siku moja, katika kikao cha wazuiaji wa Vikings, kocha aliwataka wasome kwa sauti kitabu cha mbinu za timu. Baadhi ya wenzake hawakuweza. Walikuwa wamepita sekondari, wamepita vyuo, na kote huko walipitishwa kwa sababu ya nguvu zao. Hakuna aliyewaonea huruma ya kutosha kuwafundisha kusoma. Nadhani kikao kile hakikumtoka moyoni.

Maana mwaka 1988 aliitwa Canton kuingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo, jengo ambalo alipokuwa kijana alifanya kibarua katika ujenzi wake. Ilikuwa kawaida mchezaji kutambulishwa na kocha au mchezaji mwenzake. Yeye alimwomba mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Minneapolis, Willarene Beasley, na aliposimama mbele ya umati uliokuja kusikia habari za mpira, akazungumzia elimu. Mwaka huo yeye na Diane walianzisha Page Education Foundation, mfuko unaowasaidia wanafunzi wasio Wazungu wa Minnesota kusoma vyuoni, kwa sharti kwamba nao wajitolee kuwasaidia watoto wadogo katika masomo. Anayepokea anakabidhiwa mzigo wa kuuza kesho.

Mwaka 1992 alitaka kugombea ujaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, lakini gavana akamwongezea muda jaji aliyekuwapo na uchaguzi ukafutika. Page akaenda mahakamani, akashinda, akagombea, akachaguliwa: Mmarekani mweusi wa kwanza katika mahakama hiyo. Alikaa hapo hadi 2015, alipofikisha miaka 70 ambayo sheria haimruhusu jaji kuivuka.

Mpira ulimwachia pia kidole kidogo cha mkono kilichopinda hadi kikatokeza pembeni. Watoto wa shule, kila alipowatembelea, walitaka kujua habari za kidole. Basi yeye na binti yake Kamie, ambaye ni mwalimu, wakakitungia kitabu cha watoto. Hata jeraha alilifanya mtaji.

Na shule ya binti yangu? Awali iliitwa kwa jina la Alexander Ramsey, gavana ambaye mwaka 1862 alitaka Wadakota, wenyeji wa nchi hii, waangamizwe au wafukuzwe Minnesota. Wanafunzi wenyewe ndio waliodai jina libadilishwe, na mwaka 2017 likabadilishwa. Walikuwa huru kumwita Page kwa jina lolote, hata kwa jezi yake namba 88. Nikamjibu binti yangu: "Mpira ndio alioufanyia biashara. Ujaji ndio alioununua. Wenzako wameiita shule kwa kile alichokinunua."

Juzi nilimpigia simu kaka yangu. Mwanawe ana miaka 16, naye ni beki, na mtaa umeanza kumjua. Kaka alikuwa na hamu ya kunisimulia bao aliloliokoa kijana kwenye mstari. Nilisikiliza hadi mwisho, maana ni jambo jema. Kisha nikamuuliza: "Shuleni sasa hivi anasoma kitabu gani?"

Kaka alinyamaza kidogo. "Sijui, dada," akasema. "Ngoja nimwite mwenyewe akwambie. Na mimi nisikie."